Kutoka Béziers hadi Albi: safari katika nchi ya Wakathari

Jumatatu, Béziers

Kanisa la Maria Magdalena ni dogo kuliko nilivyolijenga kichwani. Mtawa mmoja aliyeandika, kwa upande wa washindi, habari za vita vya msalaba dhidi ya Wakathari, Wakristo ambao Kanisa liliwahesabu wazushi, yaani wenye mafundisho potofu, anasema watu 7,000 waliuawa humu ndani tarehe 22 Julai 1209, siku ya sikukuu ya Magdalena mwenyewe. Ukisimama katikati ya kanisa unaona watu 7,000 hawaenei humu hata wakibanana vipi. Hesabu yake imezidi, ila mauaji yenyewe hayana ubishi. Arnaud Amaury, abati (mkuu wa watawa) wa Cîteaux aliyeliongoza jeshi kwa niaba ya Papa, alimwandikia Papa barua akimweleza kuwa karibu watu 20,000 wa mji huu wamepita kwenye upanga, bila kuangalia cheo, umri wala jinsia. Nayo pia wanahistoria wengi wanaona imetiwa chumvi. Kinachoniumiza ni kwamba aliiandika kama habari njema.

Jeshi hilo lilikuwa la msalaba. Papa Inosenti wa Tatu aliliita baada ya balozi wake, Pierre de Castelnau, kuchomwa mkuki karibu na mto Rhône mwezi Januari 1208. Lawama zikamwangukia Raymond wa Sita, mtawala wa Toulouse, aliyekuwa akisuasua kuwafukuza wazushi nchini mwake. Basi safari hii msalaba haukuelekezwa Yerusalemu. Ulielekezwa kwenye nchi ya Kikristo, ile tunayoiita leo kusini mwa Ufaransa, na kila aliyetumikia siku 40 aliahidiwa kusamehewa dhambi kama aliyekwenda kupigana ng'ambo ya bahari.

Hao wazushi ndio ambao vitabu vinawaita Wakathari. Wao walijiita Wakristo tu, na majirani zao waliwaita Watu Wema. Waliamini kuwa ulimwengu huu tunaoushika kwa mikono haukuumbwa na Mungu mwema, kwamba roho zimefungwa ndani ya miili, na kwamba roho hufunguliwa kwa kuwekewa mikono na mtu ambaye naye alikwisha kuwekewa. Aliyepokea neema hiyo hakula nyama, mayai wala maziwa, ingawa samaki aliruhusiwa. Hakuapa, hakuua, hakulala na mke wala mume. Wanawake walipokea kama wanaume. Waumini wa kawaida waliendelea kulima na kuoana, wakingoja kuwekewa mikono saa ya kufa. Wanahistoria wa leo wanabishana sana kama hili lilikuwa kanisa kamili lenye maaskofu na mpangilio wake, au yalikuwa makundi mbalimbali yaliyobandikwa jina moja na watu waliowawinda. Mabishano hayo nitawaachia wao. Aliyetiwa motoni aliungua kwa jina lolote lile.

Siku ile ya Julai askofu wa Béziers, Renaud de Montpeyroux, aliingia mjini na orodha ya majina 222. Akawaambia wananchi: watoeni hawa, au tokeni ninyi mwaache ndani, mtasalimika. Idadi kubwa ya wananchi walikuwa Wakatoliki, wanaosali katika makanisa haya haya. Wakakataa. Utenzi wa Kioksitania, lugha ya wenyeji wa kusini, ulioimbwa zama zile kuhusu vita hivi unasema walijibu afadhali wazame katika bahari ya chumvi. Kisha vijana wa mji wakatoka langoni kuwachokoza maadui, vibarua na wafuasi wa jeshi wakawarudisha mbio na kuingia nao ndani, na kabla mabwana wapanda farasi hawajavaa chuma mji ukawa umekwisha.

Yale maneno maarufu anayosingiziwa Arnaud, kwamba aliamuru wauawe wote kwa kuwa Mungu atawatambua walio wake, yaliandikwa na mtawa wa Ujerumani zaidi ya miaka kumi baadaye. Huenda hakuyatamka. Barua yake inatosha.

Ninasafiri na rafiki yangu Mngazija, tuliyesoma naye Dar es Salaam. Sasa anaishi Marseille, mji wenye Wangazija wengi kweli kweli, na gari ni lake. Yeye ni Mwislamu, mimi nimebatizwa Katoliki. Tulipotoka kanisani tukakaa juu ya ngome ya kanisa kuu la Saint-Nazaire, mto Orb ukipita chini yetu, akaniuliza, "Ndugu yangu, wale 222 walikuwa nani hasa kwao hata wakafa kwa ajili yao?" Sikuwa na jibu la kumpa leo.

Jumanne, Minerve

Njia ya kuja hapa inapita kwenye mizabibu, halafu ghafla ardhi inapasuka. Kijiji kimekaa juu ya ulimi wa mwamba kati ya makorongo ya mito miwili, Cesse na Brian. Hakuna ukuta unaohitajika pande tatu. Korongo ndilo ukuta. Nilipochungulia chini nilielewa kwa nini bwana wa hapa, Guilhem, alidhani Simon de Montfort, kamanda wa jeshi la msalaba, hatamweza.

Simon hakujaribu kupanda. Juni 1210 alipanga mitambo ya kurusha mawe ng'ambo ya korongo, mkubwa kuliko yote wakauita Malevoisine, yaani Jirani Mbaya. Huo haukulenga watu, ulilenga kisima. Kijiji kilikuwa na njia iliyofunikwa inayoshuka hadi kwenye maji chini ya mwamba, na mawe yakaishukia njia hiyo usiku na mchana hadi ikabomoka. Kiangazi cha huku ni kikali, mvua hakuna, na ndani walikuwamo wenyeji pamoja na wakimbizi. Zilipopita wiki kama saba, Guilhem akatoka kuomba masharti.

Hapa ndipo palipotokea jambo ambalo nimelifikiria mchana kutwa. Iliamuliwa kuwa hata wazushi wataachwa hai wakikubali kurudi katika Kanisa. Robert Mauvoisin, askari wa Simon, akalalamika: sisi tumekuja kuwaangamiza, nao kwa hofu watajifanya wameamini. Abati Arnaud akamwambia asiwe na wasiwasi, anaamini watakaogeuka ni wachache sana. Alikuwa anawafahamu vizuri. Wanawake watatu wakashawishiwa kugeuka. Wengine, wapatao 140, wanaume kwa wanawake, walichomwa pamoja tarehe 22 Julai, mwaka mmoja kamili baada ya Béziers, na wanaotusimulia, nao ni maadui zao, wanasema wengi hawakuhitaji kusukumwa.

Karibu na kanisa kuna nguzo ya jiwe iliyotobolewa umbo la njiwa katikati, kazi ya mchongaji Jean-Luc Séverac. Mwanga unapita ndani ya njiwa. Chini tulishuka kwa miguu hadi mtoni, tukaona mto Cesse ulivyojitobolea pango chini ya mlima. Mwezi wa Mei maji yalikwisha kukauka, tukatembea juu ya kokoto pale mto ulipopaswa kuwa.

Jumatano, Lastours na Carcassonne

Asubuhi Lastours: ngome nne juu ya mgongo wa mlima mmoja, Cabaret, Tour Régine, Surdespine na Quertinheux, zimezungukwa na miberoshi mirefu myembamba. Mwaka 1210 bwana wa hapa, Pierre-Roger de Cabaret, aliwaona wanakuja wanaume zaidi ya mia moja wameshikana mabega katika msururu. Walikuwa walinzi wa Bram. Simon aliuteka mji wao, akaamuru wang'olewe macho na kukatwa pua, mmoja tu akaachiwa jicho moja ili awaongoze wenzake hadi hapa. Upande wake walijitetea kuwa maadui waliwafanyia vivyo hivyo askari wao wawili kabla. Sidhani kisasi peke yake kinaeleza. Siku 40 zikiisha, waliobeba msalaba hurudi kwao, wamekwisha kupata rehema yao, na Simon hubaki majira ya baridi na wapanda farasi wachache katikati ya nchi isiyompenda. Mtu mwenye askari wachache hutafuta hofu imfanyie kazi ya askari.

Mchana tulikuwa Carcassonne, na nitasema kidogo. Ni mji mzuri mno: kuta mbili zinazozungukana, minara 52, mapaa ya ncha kali. Watalii wamejaa, maduka yanauza panga za mbao za watoto. Mengi tunayoyaona juu yametengenezwa upya na Viollet-le-Duc kuanzia katikati ya karne ya 19, na ukuta wa nje ulijengwa na wafalme wa Ufaransa baada ya vita, si na waliozingirwa mwaka 1209. Mwaka ule mji ulivunjwa na kiu, kama Minerve. Mtawala wake, Raymond-Roger Trencavel, kijana wa miaka 24, alitoka kwenda kuzungumza na hakurudi. Alifia gerezani Novemba. Wenyeji waliachwa hai, wakatolewa langoni na mavazi ya ndani tu, nyumba na mali zikabaki kwa waliokuja.

Tena Papa alikwisha tangaza kwamba ardhi ya bwana anayewavumilia wazushi ni halali kwa Mkatoliki atakayeitwaa. Mabwana wakubwa walipewa nchi ya Trencavel wakaikataa, kwa haya. Simon, mtu wa ardhi ndogo karibu na Paris, akaipokea. Nadhani hapo vita vilibadilika. Hakuna tena aliyeweza kutofautisha imani ya Simon na shamba la Simon, pengine hata yeye mwenyewe.

Alhamisi, Fanjeaux

Kijiji kidogo juu ya kilima, upepo hauachi. Kutoka ukingoni mwa kilima unaona tambarare yote ya Lauragais, na chini kabisa monasteri ya Prouille. Dominiki, padri wa Kihispania, aliwaweka pale mwaka 1206 wanawake waliotoka kwa Wakathari. Wengi wa wanawake wa ukoo bora hapa waliishi katika nyumba za Watu Wema. Mwaka 1204, katika kijiji hiki hiki, Esclarmonde, dada wa mtawala wa Foix, aliwekewa mikono mbele ya kaka yake na mabwana chungu nzima, kweupe, bila mtu kujificha.

Umwinyi wa kusini haukufanana na wa kaskazini. Kaskazini kifungua mimba alirithi vyote. Huku watoto waligawana, wajukuu wakagawana tena, mpaka kijiji kimoja kikawa na mabwana zaidi ya thelathini, kila mmoja na kipande chake cha ngome na kipande chake cha kodi. Mirepoix ilikuwa hivyo. Bwana maskini anayeishi mlango kwa mlango na mfinyanzi na mfumaji, mama yake mzazi akiwa miongoni mwa Watu Wema, hana nguvu wala sababu ya kuwafukuza.

Jibu la swali la Béziers nililipata hapa, na si langu. Askofu Foulques wa Toulouse alimuuliza askari mmoja, Pons Adhémar de Roudeille, kwa nini ninyi mnaokiri kuwa hoja za Kanisa zina nguvu hamuwafukuzi hawa nchini mwenu? Akajibu kuwa hawawezi: tumekua nao, tuna ndugu zetu miongoni mwao, na tunawaona wanaishi maisha safi. Nikamsomea rafiki yangu maneno hayo tukiwa tumekaa kwenye ukuta. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema, "Kwetu Ngazidja pia ungejibiwa hivyo hivyo."

Lazima nimtendee haki Dominiki. Mabalozi wa Papa walikuja kuhubiri na farasi na wapambe, watu wakawalinganisha na Watu Wema wanaotembea kwa miguu wakifuma nguo kwa kujipatia riziki, na mahubiri yakaanguka. Diego, askofu wa Osma, ndiye aliyeshauri wahubiri waende kwa miguu, bila fedha, na Dominiki akaishi hivyo hapa kwa miaka. Akajadiliana nao kwa maneno, kijiji kwa kijiji. Mjadala wa Montréal mwaka 1207 uliendelea siku nyingi. Kanisa langu lilikuwa na njia hii mikononi, na ilikuwa imeanza kuzaa matunda kidogo kidogo. Miaka miwili baadaye likaletwa jeshi. Hilo ndilo linalonichoma.

Ijumaa, Montségur

Mlima unauona kutoka mbali, kichwa cha mwamba peke yake, mita 1,207. Kupanda kulituchukua karibu dakika arobaini, mawe yanateleza, na nilikuwa nimebeba maji peke yake. Magofu ya juu ni ya ngome iliyojengwa baadaye; ya mwaka 1244 ilibomolewa. Lakini mwamba ni ule ule, na nafasi ni finyu kiasi kwamba huwezi kuamini watu mia kadhaa waliishi hapa miezi kumi.

Vita rasmi vilikwisha mwaka 1229. Raymond wa Saba, mwana wa Raymond wa Sita wa Toulouse, alitia sahihi mkataba Paris, binti yake akaozwa kwa ndugu wa mfalme. Watu Wema waliobaki wakapanda huku kwa Raymond de Péreille. Mwezi Mei 1242 askari kutoka Montségur walishuka usiku hadi Avignonet wakawaua wapelelezi wa Kanisa, waliotumwa kuwahoji na kuwahukumu wazushi, Guillaume Arnaud na Étienne de Saint-Thibéry, pamoja na wenzao. Wale ambao dini yao ilikataza kuua walilindwa na wapwa na wakwe waliokuwa wakiua kwa ajili yao. Sijui kama Watu Wema waliambiwa mapema, ila siwezi kusimulia kifo chao nikayaficha mauaji ya Avignonet.

Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Hugues des Arcis, mwakilishi wa mfalme, akauzingira mlima. Kiangazi kikapita, hakuna kitu. Majira ya baridi wapanda milima walikwea usiku upande wa mashariki wakaiteka kona ya Roc de la Tour. Kulipopambazuka wakaona genge la mwamba walilolipanda, wakasema mchana wasingethubutu. Kuanzia hapo mitambo ya mawe ikaanza kusogezwa juu ya ule mgongo wa mlima.

Tarehe 1 Machi 1244 wakakubaliana. Askari wote watasamehewa, hata wa Avignonet. Watu Wema watakaoikana imani yao watasamehewa. Wapewe siku kumi na tano. Tunajua walichofanya katika siku hizo kwa kuwa waliosalia waliulizwa baadaye na majibu yakaandikwa. Waligawa vitu vyao: pilipili, chumvi, nta, mafuta, ngano. Marquesia, bibi mzee, alimpa mjukuu wake Philippa kila alichokuwa nacho. Watu kama ishirini ambao hawakulazimika kufa, miongoni mwao askari wa kawaida na wake zao, wakaomba kuwekewa mikono wakijua vizuri nini kinawangoja. Na Corba, mke wa bwana wa ngome, binti wa Marquesia na mama wa Philippa, akaomba pia. Tarehe 16 Machi wakashushwa, zaidi ya watu mia mbili pamoja na askofu wao Bertrand Marty. Bibi Marquesia, Corba na bintiye Esclarmonde (si yule wa Foix) walichomwa siku moja. Raymond de Péreille alibaki hai, mkewe, mama mkwe na mtoto wake wakiwa majivu.

Chini ya mlima kuna jiwe la ukumbusho lililosimamishwa mwaka 1960, limeandikwa kwa Kioksitania: kwa Wakathari, kwa mashahidi wa upendo safi wa Kikristo. Niliomba pale kwa maneno ya Baba Yetu, sala ambayo wao pia waliiomba mchana na usiku.

Jumamosi, Toulouse

Tulipita Muret bila kushuka. Pale, Septemba 1213, alikufa Pedro wa Pili, mfalme wa Aragon aliyekuja kuwasaidia watu wa kusini. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amesifiwa na Ulaya nzima kwa kupigana na Waislamu huko Hispania.

Toulouse ni mji wa matofali mekundu. Ulizingirwa zaidi ya mara moja, na tarehe 25 Juni 1218 jiwe lililorushwa kutoka ukutani lilimpasua Simon de Montfort kichwa. Utenzi ule wa Kioksitania unasema mtambo uliendeshwa na wanawake wa mji na kwamba jiwe lilikwenda moja kwa moja pale lilipotakiwa.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya Saint-Sernin. Katika ua wa watawa wa kanisa hilo, ambao haupo tena, Wadominiko wawili, watawa wa shirika lililoanzishwa na Dominiki, Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre, waliwahoji watu zaidi ya 5,000 kati ya mwaka 1245 na 1246. Waliwaita kijiji baada ya kijiji kutoka tambarare niliyoiona Fanjeaux, wanaume kuanzia miaka 14, wanawake kuanzia 12. Maswali hayakuwa juu ya Mungu mwema na Mungu mbaya. Yalikuwa hivi: uliwaona wazushi? Wapi? Lini? Nani mwingine alikuwapo? Ulikula nao? Uliwainamia kwa heshima? Uliwapa mkate? Nakala ya majibu ipo hadi leo katika maktaba ya mji huu.

Wengi walijibu hawakuona kitu. Wengine walimtaja marehemu, kwa kuwa marehemu haumizwi, ingawa mifupa yake ingeweza kufukuliwa. Waliopatikana na hatia walishonewa misalaba ya manjano kwenye nguo, wengine wakafungwa. Jeshi liliua maelfu na nchi ikabaki imeshikamana. Maswali haya yaliingia mahali ambapo upanga haukufika, kwenye meza ya chakula, yakamfanya mtu amwogope shangazi yake. Naona ndiyo yaliyowamaliza Wakathari kuliko Béziers. Mtu Mwema wa mwisho tunayemjua kwa jina katika nchi hii, Guillaume Bélibaste, aliuzwa na mtu aliyejifanya muumini mwenzake, akachomwa mwaka 1321.

Jumapili, Albi

Nimesali misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Sesilia. Kwa nje ni ngome: matofali yamepanda wima, madirisha membamba, mnara wa mita 78. Askofu Bernard de Castanet aliuanza ujenzi mwaka 1282, wakati hakuna jeshi lolote la wazushi lililobaki kuushambulia mji. Ndani kuna mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho, wafu wanafufuka na kila mmoja kifuani ana kitabu cha matendo yake kilichofunuliwa. Mwishoni mwa karne ya 17 ukuta ulitobolewa katikati kupisha kikanisa, na Kristo mwenye kuhukumu akaondoka pamoja na matofali.

Askofu huyo huyo, mwaka 1299 na 1300, aliwakamata matajiri wa mji wake kwa uzushi, wakapelekwa gereza la Carcassonne. Nimalizie na aliyewatetea. Bernard Délicieux alikuwa Mfransisko, yaani mtawa wa shirika la Fransisko, wa Carcassonne, Mkatoliki wa tangu utoto, wala hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba aliamini habari za miungu wawili. Alikwenda hadi kwa mfalme Philip wa Nne akamwambia kuwa kwa namna maswali yanavyoulizwa, hata Petro na Paulo wakishtakiwa uzushi hawataweza kujitetea. Alihubiri hadharani, akachochea watu wa Carcassonne na Albi, na mwaka 1303 wafungwa wakatolewa mikononi mwa wapelelezi. Mfalme alimgeuka baadaye. Délicieux alihukumiwa mwaka 1319, akavuliwa upadri, akafungwa pingu katika gereza lile lile alilopigania wafungwa wake watolewe, na humo hakuishi muda mrefu.